Leo Usinisalimie

Temeke, Jumapili jioni

Mwanangu Asumini,

Sanduku lako limekwisha kufungwa na mimi sitalifungua tena, ingawa mkono unaniwasha. Shangazi yako wa Kinondoni amekwisha kukupa maagizo ya sabuni, ya chandarua, ya pesa za kushonea kwenye upindo wa gauni, na ya wavulana. Nilipokuwa nachambua mchele nilimsikia akianza upya tangu kwenye sabuni. Kwa hiyo hayo yote nayaruka. Baba yako yuko uani anapiga msasa kinyago chake, jua bado lipo, na mimi nina jambo moja tu la kukuandikia.

Nilikusikia juzi bombani. Ulidhani nimeshaingia ndani. Ulimwambia shangazi yako, "Mie siendi, Shangazi. Nitafika mpaka stesheni nimridhishe Mama, halafu nitageuza nije kwako Kinondoni tuuze maandazi. Kule Mwanza wanasema Kiingereza asubuhi mpaka jioni. Nitaaibika." Na shangazi yako, ambaye nilitegemea atakukemea, akasema, "Basi ukirudi uje na hilo sanduku. Langu limekufa bawaba."

Sikukasirika. Niliingia ndani nikayaandika maneno yako kwenye shajara kama yalivyo, na chini yake nikaandika: "Mjibu kwa maandishi. Ukimjibu kwa mdomo utamhubiria." Unanijua. Nikianza kusema huwa sijui pa kushukia.

Siku ya usaili wa chuo cha uuguzi ulirudi nyumbani ukanisimulia mara moja, tena umenipa mgongo. Mlikuwa mkiingia mmoja mmoja. Mezani alikuwapo msaili, mzee mwenye mvi, akakuambia kwa Kiingereza: chukulia mimi ni mgonjwa, nimelazwa leo, ninaogopa, niambie neno. Na wewe vitenzi ulikuwa navyo vyote. Mwezi mzima tulikula chakula cha jioni huku ukiimba "put, put, put," mpaka baba yako akauliza nani amewasha pikipiki ndani ya nyumba. Lakini mbele ya mzee yule ulinyamaza. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Nilitaka kumwamkia, Mama. Kiingereza hakina shikamoo. Sasa nianzie wapi?" Ukanyamaza mpaka akakushukuru na kumwita anayefuata. Barua ya kuchaguliwa ilipokuja ukasema wamechanganya majina.

Basi nataka kukusimulia habari za kitenzi hichohicho, put, kwa sababu mimi nacho tumekula chumvi nyingi. Na swali lako la wapi pa kuanzia si geni kwangu. Liliwahi kunikwamisha palepale lilipokukwamisha wewe.

Niliajiriwa mwaka uliofuata Uhuru. Wewe ulikuwa mdogo, umebaki na bibi yako mzaa baba. Kampuni ilikuwa ikinunua korosho kutoka kusini na kuzipeleka ng'ambo, na walitaka msichana aliyefika sekondari, mwenye sauti inayosikika, akae kwenye mtambo wa simu. Sekondari nilifika. Sauti ninayo, majirani mashahidi. Wakanichukua kwa majaribio, nikawekwa chini ya Bi Zarina.

Babu yake Bi Zarina alitoka Uhindi, lakini yeye alizaliwa Lindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Lindi kuliko changu. Alikaa mbele ya ule ubao wa vitundu na nyaya kama mtu aliyekaa mbele ya jiko lake mwenyewe. Taa ndogo ikiwaka, anachomeka waya, anasikiliza, anachomeka mwingine, amemaliza, na chai yake haijapoa. Kwa wazungu na wanunuzi wa ng'ambo alisema, "I'll put you through." Siku nzima, hilo tu. Mimi nikawa naangalia vidole vyake, na kichwani naimba put, put, put, kama wewe.

Siku ya kwanza nilimwuliza maana yake. Alinitazama juu ya miwani. "Maana ipo kwenye kamusi, imelala. Iache ilale. Wewe mtazame anayeambiwa. Akishaambiwa, anafanya nini?"

Nilidhani ananikwepa. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, ukiniambia nitazame nitatazama. Kila jioni nikawa naandika kwenye shajara sentensi moja niliyoisikia yenye neno hilo: nani kamwambia nani, na huyo aliyeambiwa kafanya nini. Nimezisoma tena leo mchana ulipokuwa unasukwa. "Put it there." Meneja kwa tarishi, bila kuinua macho. Tarishi aliweka faili mezani, akatoka, na nje ya mlango akamwigiza meneja kwa midomo. "I'll put it in writing." Meneja kwa wakala wa meli, siku ambayo hakutaka kuamua lolote. Wakala alichukua kofia yake. "I can't put up with this heat." Mhasibu mgeni kutoka Uingereza, kila siku baada ya chakula cha mchana. Akavumilia miaka. "Don't put it off." Bi Zarina kwangu, kuhusu jino langu la nyuma. Niliahirisha, na ulimi wangu mpaka leo unalizungukia pengo.

Nilipokuwa shule nilijifunza neno hili kana kwamba ni jiwe: ukubwa wake huu, uzito wake huu. Kwenye ile ofisi niliona linakwenda na watu. Meneja akimwambia tarishi linakuwa amri, akimwambia wakala linakuwa mlango wa kutokea. Sikuwa nimefundishwa hivyo, na nilifurahi kama mtu aliyegundua njia ya mkato kwenda sokoni. Nikajiona nimeiva.

Ndipo ukaja mwezi wa Muharram. Bi Zarina alikuwa Shia, na siku zile alikuja kazini amevaa nyeusi, sauti imekauka kwa majlisi za maombolezo za usiku. Siku ya Ashura hakuja kabisa. Nikabaki peke yangu kwenye mtambo, nimekaa wima, nimevaa gauni langu la Idi.

Katikati ya asubuhi taa ya simu za mbali ikawaka. Posta wakasema, "Simu kutoka Newala." Nikachomeka waya, nikasikia mtu anabisha hodi. Ndani ya simu, Asumini. "Hodi! Hodi huko!"

"Karibu," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, na lafudhi ilikuwa ya kwetu. Lile "I'll put you through" likaniyeyukia mdomoni. Unamwambiaje mzee wa Newala maneno makavu namna ile? "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Za huko?"

"Za huku njema. Za Dar es Salaam?"

"Njema. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote. Mbuzi ndio wana kikohozi. Mwanangu, hiyo sauti si ya hapo. Wewe wa wapi?"

"Mie wa hukohuko, mzee. Upande wa Kitangari."

"Kitangari! Binti wa nani?"

Nikamtajia. Akamjua baba yangu, akamjua na baba yake mdogo aliyeoa Masasi. Akaniuliza kama mguu wa mama umepona. Nikamwambia umepona. Akasema alhamdulillahi, na ndipo sauti ya posta ikaingia katikati yetu na kusema muda umekwisha, na waya ukafa mkononi mwangu.

Nilijua mbuzi wake wana kikohozi. Sikujua amepiga simu kwa sababu gani. Hata jina lake sikuliuliza.

Bi Zarina aliporudi nilimweleza. Yeye alijua mara moja. "Huyo ni Mzee Nangonga, katibu wa chama cha ushirika. Anatafuta magunia. Korosho ziko chini, mvua iko njiani, na magunia tuliyomwahidi hayajaondoka hapa. Na kule kwao kufika posta ni safari, halafu unangoja zamu yako ya simu siku nzima." Akanywa chai yake. "Umemsalimia vizuri sana, mwanangu. Na korosho zake, nazo umezisalimia?"

Nilitaka kulia, na zaidi ya kulia nilitaka kubishana. Nilimwambia, "Ningefanyaje, Bi Zarina? Mzee kama yule, nimtupie Kiingereza usoni? Nianzie wapi?" Unaona. Maneno yako yaleyale. Alinijibu, "Sasa unaniuliza mimi? Mwulize yeye akipiga tena. Kama atapata nauli."

Kwa wiki nzima kila taa ya simu za mbali ilipowaka niliiwahi kabla ya Bi Zarina. Kisha siku moja posta wakasema Newala, nikachomeka, nikasikia, "Hodi! Ni wewe binti wa Kitangari?"

"Ni mimi, mzee. Shika..."

"Wee! Leo usinisalimie! Leo nipitishe kwa mwenye magunia!"

Waya ulikuwa tayari mkononi. Nikashituka, na kwa kushituka nikamjibu kwa Kiingereza, "I'll put you through." Mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Ehe. Hivyohivyo." Nikachomeka. Nikasikia mtu wa stoo anaitika, nikasikia neno gunia, nikaondoa sikio langu.

Magunia yaliondoka wiki ile. Korosho nyingine zilikuwa zimeshalowa. Hilo nimeliandika pia, na silifuti. Lakini siku ile ndiyo sentensi ile ilinifungukia, miezi mingi baada ya kuimudu. Nilikuwa nimeiona ni kavu, ya watu wasio na muda na wenzao. Kumbe ndani yake amebebwa mtu. Mtu yuko nje, anayemtafuta yuko ndani, na katikati nimekaa mimi. Yule mzee hakuhitaji nimwonyeshe kwamba nimelelewa vizuri. Alihitaji kufika.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini unajua mama yako akishika jambo. Nikawa mkavu kama biskuti ya jeshi. Sikumsalimia mtu yeyote kwenye mtambo, na tabia ikanifuata nyumbani. Jirani akija kuazima chekecheke namwuliza "Unataka nini?" kabla hajavuka kizingiti. Bibi yako mzaa baba alikuwa ameondoka kwenda Masasi kuhani msiba. Akarudi na mizigo yake kichwani, akabisha hodi, na mimi bila kugeuka nikasema, "Karibu, unamtaka nani?"

Nikageuka, nikamkuta ameshakaa barazani na mizigo yake. "Namtaka mkwe wangu," akasema, "kama bado yupo."

Baba yako alicheka mpaka akaweka patasi chini. Akawatangazia mafundi wenzake wote kwamba mke wake amefunga mtambo wa simu mlangoni, na kwamba yeye mwenyewe siku hizi ili afike chumbani lazima aunganishwe. Nilicheka pia, lakini usiku ule niliandika ukurasa mzima na wote ulikuwa swali moja: ukisalimia mtu hafiki, usiposalimia umemwumiza. Sasa?

Jibu nililipata kwa sentensi nyingine ya put, ambayo haikuwa yangu. Meneja alikuwa anapita nyuma yetu na mgeni kutoka ng'ambo, na akamwelekezea Bi Zarina kidevu. "She puts people at ease," akasema, wakaendelea na safari yao. Wote wawili walikuwa wamepunguza mwendo walipomfikia. Niliandika hilo pia.

Nilimwuliza Bi Zarina anafanya nini hasa mpaka meneja aseme anawatuliza watu. Akacheka. "Mimi? Nawapa kiti tu."

Kiti kipi, na watu wako kwenye simu? Nikaanza kumtazama upya, na safari hii niliacha midomo yake nikatazama mikono. Kulikuwa na karani wa bandarini mwenye kigugumizi. Kwake Bi Zarina hakusema kitu, alingoja, na hakummalizia neno hata moja. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyepiga simu akiwa tayari amekasirika. Kwake alianza na jina lake, taratibu, na lile jina peke yake lilimpunguza moto. Na wazee wa kusini, Asumini, aliwaamkia. Kila mmoja. "Shikamoo, mzee," mara moja, kwa sauti iliyotulia kabisa, na wakati mzee anavuta "marahabaaa" yake, waya ulikuwa umeshaingia kwenye kitundu na simu ya stoo inalia. Mdomo unasalimia, mkono unapitisha. Mzee anamaliza kuitikia na tayari yuko mlangoni kwa mtu wake.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake muda wote huo na sikuwa nimeliona. Mimi nilidhani lazima nichague. Niwe binti wa Kitangari au niwe mpokea simu. Nifanye adabu au nifanye kazi. Yeye alifanya vyote kwa pumzi moja, na hakuna aliyeona kiungo kilipo.

Nilijaribu kesho yake nikachomeka kitundu cha meneja badala ya stoo, na meneja akaamkiwa na muuza kuni. Lakini nilijaribu tena. Mkono ulijifunza. Mwisho wa majaribio wakanipa kazi, na ndiyo hiyo iliyokununulia sare zote ulizovaa.

Baada ya Azimio la Arusha kampuni ikawa shirika la umma, na ikaamuliwa kwamba tupokee simu kwa Kiswahili. Nikaambiwa niandike maneno ya kutumia, yabandikwe juu ya mtambo. Mimi huyu, mwenye shajara iliyojaa sentensi hai, nikakaa na kamusi kama siku ya kwanza, na nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Tafadhali ngoja, nitakuweka." Bi Zarina akasoma. Akasoma tena. "Utamweka wapi, mwanangu? Kabatini?" Tulicheka mpaka taa zikawaka tukaziacha. Nakuandikia hili ujue kwamba mtu huweza kujua jambo Jumatatu na kulisahau Jumanne, na kazi inaendelea. Tulibandika "Nakuunganisha." Watu wameizoea sasa, lakini kwa masikio yangu bado namsikia Mzee Nangonga: nipitishe.

Yeye mwenyewe nilikuja kumwona. Alikuja Dar es Salaam kwenye mkutano wa vyama vya ushirika, akaja ofisini kwetu amevaa kanzu iliyopigwa pasi na makatambuga ya tairi, akamwambia askari wa mlangoni anamtaka binti wa kwenye waya. Askari akakataa, akasema hakuna mtu wa jina hilo. Mzee akapaza sauti, "Yule wa Kitangari!" na mimi nikaijua sauti kabla sijauona uso.

Nilitoka mbio. Alinitazama juu mpaka chini. Kisha akatafuta kiti, akakaa, akavua makatambuga yake, akayapanga vizuri pembeni, akakunja mikono juu ya tumbo. "Haya," akasema. "Leo sina haraka na hakuna wa kutukatia. Nisalimie zote ulizobakiza."

Nikapiga goti pale kwenye sakafu ya sementi ya mapokezi, mbele ya makarani, nikamwamkia. Tulianzia tulipokatwa. Mguu wa mama. Watoto wake kwa majina. Mbuzi. Bi Zarina akanishikia mtambo na hakuniita hata mara moja, na nyuma ya mlango nilimsikia akipitisha watu, shikamoo, marahaba, mlio wa simu, shikamoo.

Sasa turudi kwako na kwa mzee wako mwenye mvi. Nimelifikiria sana hili na nina hakika nalo. Ulipokwama hukukwama kwa kukosa Kiingereza. Ulikwama kwa kuwa ulimwona mbele yako mtu mzima anayeogopa, na ukataka kumpa heshima yake kwanza. Hilo halitafutiwi dawa. Ungemwamkia tu. Shikamoo, kwa Kiswahili, palepale mezani kwao. Hakuna sheria inayokataza. Wagonjwa wako wa Mwanza watakuwa Wasukuma na Wahaya na Wakerewe, na Kiingereza utakisema na walimu na madaktari waliosimama upande wa pili wa kitanda. Katikati utakaa wewe. Mgonjwa yuko nje, msaada uko ndani. Kazi yako ni ileile iliyokula ujana wangu, na mimi nakuambia inawezekana kujifunza. Utakosea kitundu. Daktari ataamkiwa na muuza kuni. Kesho yake utachomeka tena.

Vitenzi usiviimbe tena. Ukisikia sentensi, mtazame aliyeambiwa. Muuguzi mkuu akisema put hiki au put kile, tazama wenzako wanafanya nini na mikono yao, ufanye hivyo, na jioni uiandike. Mwaka ukipita utashangaa ni nani aliyekuwa anaogopa.

Na kuhusu majina yaliyochanganywa. Unakumbuka bibi yako alipobanwa na pumu, wewe uko darasa la sita? Mimi nilikuwa nimesimama na beseni natoa amri: fungua dirisha, leta maji, mwiteni baba. Wewe hukusema kitu. Ulipanda kitandani, ukakaa nyuma yake, ukaegemeza mgongo wako kwenye mgongo wake ili akae wima, na ukaanza kupumua polepole kwa kelele, hu, haa, hu, haa, mpaka pumzi yake ikachoka kukimbia ikaanza kufuata yako. Alipoweza kusema, alisema, "Huyu mtoto ana kiti mgongoni." Nilikuwa nimesimama pale na beseni langu, na sentensi ya meneja ikanijia kichwani nzima, neno kwa neno. Niliiandika usiku ule, nikaweka jina lako mwanzoni: "Asumini puts people at ease". Maneno ndiyo uliyokuwa huna. Maneno yanauzwa kila mahali. Hawakuchanganya majina.

Kesho sitakuuliza kama unakwenda. Nitakuwa zamu mpaka mchana, kisha nitakuja stesheni moja kwa moja kutoka kazini, na nitakukuta umekaa juu ya sanduku lako pamoja na baba yako. Shangazi yako nimemwahidi bawaba mpya, kwa hiyo hana haja na sanduku lako tena. Ukitaka kulia, subiri treni ipite Pugu. Baba yako akikuona unalia atapanda humohumo.

Ukifika Mwanza, siku ya kwanza utakayopata nafasi, nenda posta uombe simu ya Dar es Salaam. Namba unaijua. Posta wakiniambia "Simu kutoka Mwanza," waya utakuwa tayari mkononi. Siku hiyo tu nitakuuliza kwa Kiingereza, kama ninavyowauliza wanunuzi wa ng'ambo: Who shall I put you through to? Nawe utanijibu: Put me through to my mother, please. Sauti ikitetemeka, itetemeke. Kisha niambie haraka umelala wapi, umekula nini, na ni neno gani la kwanza ulilomwambia mgonjwa.

Lakini usinisalimie. Dakika ni chache na mimi nataka ufike. Shikamoo yako ibakize. Likizo ya kwanza ukija nitakaa kwenye kile kiti cha baba yako, nitavua viatu niviweke pembeni, na utanipa zote.

Mimi mama yako,
binti wa kwenye waya